Rangi Alizozingoja Babu

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa macho, na akatupa subira pale anapoyachukua. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Baada ya hayo, nisimulie.

Kila nikisikia harufu ya maji yaliyomwagwa juu ya saruji ya moto, narudi kwenye paa la nyumba yetu ya mtaa wa Wattaya, huku nchi za Kiarabu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwezi wa Julai. Siku ya sikukuu ya taifa, baada ya Alasiri, sisi watoto tulipandisha ndoo baada ya ndoo na kulimwagia paa maji mpaka liache kufuka mvuke. Magharibi ikishapita tulitandika mikeka, tukapandisha vitumbua, tende mbivu za msimu na birika la sharubati ya ukwaju. Hewa ya baharini ilitulalia mwilini kama shuka lisilokauka vizuri. Kwa mbali magari yalipiga honi za furaha, nasi tulikaa tukielekea upande wa bahari, kana kwamba mbingu nzima ilikuwa mgeni wetu na imechelewa kidogo tu.

Babu yangu alizaliwa Unguja, na macho yake yalikuwa yamezimika kabla sijaanza shule. Kwa hiyo nyumbani kwetu fataki hazikutazamwa tu, zilisimuliwa. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Aliniita mke wangu, kama mababu wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike, na hakuridhika na jibu la haraka. Nikisema nyekundu, atauliza, “Nyekundu ipi, mke wangu? Ya pilipili au ya basbasi?” Nikisema ya basbasi, lile ganda linaloizunguka kungumanga, basi anatabasamu, keshaiona. Alizingoja rangi hizo mwaka mzima.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na jambo langu jengine. Shangazi Zuwena alikuwa ameniruhusu, kwa mara ya kwanza, kusimama kwenye safu ya wanawake wazima badala ya nyuma pamoja na watoto. “Lakini ukichezacheza tu,” alinionya, “unarudi nyuma, na huko utakaa mpaka uolewe.” Tulidhani fataki zitaanza baada ya Isha. Babu akatusalisha palepale juu ya paa, naye alikuwa katika rakaa ya pili, akisoma kwa sauti yake ya polepole, mlio wa kwanza ulipopasuka. Mkeka ukawa wa kijani mbele ya miguu yangu, kisha wa dhahabu. Nilikaza macho pahala pa kusujudia. Babu alizidi kusoma, sura ndefu isiyokwisha. Nikainua kichwa.

Tulipotoa salamu, mbingu ilikuwa na moshi tu.

“Haya,” Babu alisema, akigeuka taratibu, “nani kaona?”

Nilimtazama Shangazi, nikaitazama safu niliyoipata saa ile ile. Kisha nikamtazama Babu, uso wake umeelekea kwetu, akingoja.

“Mie, Babu.”

“Ndo maana!” alidakia binamu yangu Khalfan kutoka safu ya mbele. “Shingo juu kama ngamia!”

“Na wewe uliniona vipi,” nilimuuliza, “kama hukugeuka?”

Paa zima liliangua kicheko, hata Shangazi aliyekuwa akijilazimisha kukunja uso. Babu alicheka mpaka akapangusa macho. “Basi mnarudia nyote wawili,” alisema. “Nendeni mkasali kwa utulivu. Mke wangu, ukimaliza uje. Nnakungoja.”

Nilisali kama nisivyowahi kusali kabla, bila ya haraka hata chembe. Niliporudi, kitumbua chake kilikuwa bado kizima mkononi. Nilimueleza yote: kijani cha embe changa, manjano ya bizari, nyeupe iliyoanguka kama mchele kwenye ungo. Nikamuuliza mwakani nisimame wapi.

“Pale pale,” alisema, kisha akashusha sauti. “Nami nilizisikia, mke wangu. Ndiyo maana nikachukua sura ndefu. Niliogopa nikisoma fupi, ntakuwa nimezikimbilia.”

Leo mimi ndiye ninayewasomesha Kurani watoto wa mtaani, na mvi zimeanza kunitembelea. Sikukuu ile ya Julai haimo tena katika kalenda. Fataki tunazitazama Novemba, na kila mmoja ana simu mkononi. Mwaka jana binti yangu mdogo alinijia mbio kunionyesha alizozirekodi. Nilimwambia aifunike simu, anisimulie.

“Zilikuwa nyekundu, Mama.”

“Nyekundu ipi? Ya pilipili au ya basbasi?”

Alinitazama, akafikiri, kisha akaenda jikoni. Nikasikia makopo ya viungo yakifunguliwa, moja baada ya moja.

Ewe unayesoma, Mola akuhifadhie nuru ya macho yako, na akujaalie mtu wa kukungoja umsimulie.