Mkwe wa Televisheni

Nanyama hakuwa na haja ya kuona tangazo la televisheni mara mbili ndipo alitukane. Mara moja ilimtosha. Angesimama nyuma ya meza ya chapati, pale kwenye hoteli yake ndogo sokoni Kamukuywa, Bungoma, mikono imejaa unga na mdomo ameubinua, na kabla wimbo wa duka haujaisha alikuwa ameshatoa hukumu. Wateja wake walimjua. Wengine waliagiza kikombe kimoja cha chai jioni, wakakinywa mpaka kikapoa, wakingoja tu kusikia leo ni nani atakayechunwa ngozi.

Desemba ndiyo ilikuwa mavuno yake. Mwaka huo wa 2005 maduka makubwa yalikuwa yameshikwa na kichaa cha Krismasi, na kila taarifa ya habari ilikatwa vipande ili watu waonyeshwe sukari. Pamba ilimwagwa kutoka juu ikaitwa theluji. Mzee wa nguo nyekundu alitembea juani na ndevu zake za kubandika, na Nanyama akauliza huyo mgonjwa ametoroka hospitali gani. Kulikuwa na familia nzima iliyochekea mtungi wa mafuta ya kupikia, baba, mama na watoto, meno nje, na Nanyama akasema yeye amepika miaka ishirini na hajawahi kuona mafuta yakimchekesha mtu. Khairunisa, aliyeuza leso kwenye kibanda cha pili na hakuwa na Krismasi ya kwake, alisema yeye hutazama kwa ajili ya sufuria tu, na kwamba sukari hushuka bei ndani ya televisheni, lakini ukifika dukani unakuta imekutangulia kupanda.

Hiyo televisheni nayo ilikuwa na asili yake. Tabby, binti wa pekee wa Nanyama, alikuwa ameolewa na Wahome, kijana wa Kikuyu mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo huko Kitale. Ng'ombe wa kwanza wa mahari walipokewa na Eliakim, ndugu mdogo wa marehemu mume wa Nanyama, kwa kuwa baba wa msichana alikuwa kaburini, na baba akiondoka ndugu yake ndiye baba. Eliakim aliwalisha kwa muda, halafu akawaswaga. Ukoo aliuambia wako kwa rafiki yake upande wa Chwele, kwenye nyasi nzuri, wanaongezeka. Haukupita muda akaonekana ndani ya pikapu amekumbatia televisheni ya rangi. Kwake hakukuwa na stima, kwa hivyo akaiweka kwa shemeji yake, ati imletee wateja. Tangu hapo alikuja kila jioni, akaketi kiti cha mbele na kunywa chai bila kulipa, mwenye mali.

Nanyama alijua ng'ombe walikokwenda. Khairunisa hupeleka leso Chwele siku za soko, na kwa macho yake alikuwa amewaona wakipandishwa kwenye lori la mchinjaji. Lakini Nanyama alimeza. Mjane anayegombana na shemeji juu ya mahari, watu husema alitaka kuila mwenyewe. Alichokitaka yeye ni kimoja tu: Tabby akae kwa amani kwenye ndoa yake, na asiwepo mtu wa ukoo atakayepata sababu ya kuiguguna. Wapo waliokuwa wakinuna bado kwamba msichana ametolewa nje ya kabila, na Krismasi hiyo ndiyo mkwe angekuja kula kwao kwa mara ya kwanza.

Basi katikati ya mwezi likaja tangazo la Jazatele Supamaketi.

Lilianza na kijana wa suti akisukuma kitoroli cha dukani kwenye njia ya kijijini, na papo hapo Nanyama akatoa sauti ya puani, maana angetaka kumwona mtu akisukuma kile kitu kwenye matope ya Kamukuywa. Kitoroli kilikuwa kimejaa maboksi ya biskuti yenye utepe mwekundu. Mlangoni akatokea mama wa kitenge, midomo imepakwa rangi, akamkaribisha mkwewe kwa lafudhi ya watu wa Bungoma iliyovutwa kama unga wa chapati. Mama akajitia haya, akarudi nyuma kidogo. Kijana akafungua mikono, akamkumbatia mama mkwe wake kifua kwa kifua, akamzungusha mzima, na maandishi yakaja kwamba upendo unapatikana Jazatele.

Mzee mmoja aliweka kikombe chini akatazama ukuta. Katika nchi hiyo ya Bungoma mkwe hamshiki mama mkwe hata mkono. Hawaketi chumba kimoja, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja huingia shambani mwingine apite. Si chuki, ni heshima, na mtoto wa darasa la pili anaijua. Na sasa hawa watu wa Nairobi wameichukua, wameivalisha kitenge, wameipa sauti yetu, wanauzia biskuti.

Bramwel, kijana wa bodaboda ya baiskeli, ndiye pekee aliyelipenda. Alisema ni kitu cha kisasa, na mambo ya kukimbiana mashambani ni ya zamani bana. Nanyama alimwambia alipe chai yake aende akakumbatie mama mkwe wake, arudi awasimulie. Kisha akafuta mikono, akasema mbele ya wote, Eliakim akiwa kiti cha mbele:

"Mimi mtu akinifanyia hiyo kitu kwa boma yangu, siku hiyo hiyo ng'ombe zake zinarudi. Ata kama ni ya dhahabu."

Watu walicheka wakapiga meza. Maneno hayo yalimpendeza mwenyewe, na kila tangazo lilipotoka aliyarudia, siku nyingine mara tatu kwa jioni moja, mpaka watoto wa soko wakayajua kwa moyo. Mdomo uliponza kichwa, lakini kichwa chenyewe huwa cha mwisho kupata habari.

Huko Kitale, Wahome naye alikuwa akitazama tangazo lilelile, na yeye hakulicheka. Kwa wakwe alikuwa amefika mara moja tu, siku ya mahari, amezungukwa na wajomba zake, na mama mkwe alimwona mgongo tu, ukiingia jikoni. Kwao mama mkwe husalimiwa kwa mkono na kuulizwa habari za mvua. Kwa watu wa Bungoma hakujua inakuwaje. Alimuuliza Tabby, na Tabby, ambaye hakuwaza kwamba mtu mzima anahitaji kuelezwa moto huunguza, alimjibu tu amheshimu mama. Halafu Tabby akatangulia nyumbani kusaidia kupika. Wahome akabaki na televisheni iwe mwalimu wake. Pale palikuwa na mama wa Bungoma, anaongea Kibungoma, anamfundisha mkwe jinsi anavyotaka kusalimiwa. Akaenda Jazatele akanunua boksi lenyewe, na utepe wake.

Siku ya Krismasi ukoo ulijaa uani nyuma ya hoteli. Eliakim alikuwa amevaa koti na kukaa karibu na nyama. Khairunisa alikuwa amekuja na maandazi yake, maana jirani haulizwi dini siku ya karamu. Nanyama alikuwa amepanga kila kitu: mkwe angepita mbele, aketi sebuleni na wanaume, na yeye angebaki jikoni hadi aondoke. Bahati mbaya pikapu ya Wahome ilikuja kabla ya saa yake, ikaingilia nyuma, na Nanyama alikuwa nje ya mlango wa jikoni akikanda unga.

Wahome alishuka na suti nyeusi. Alimwona. Aliweka boksi chini, akafungua mikono.

Nanyama alirudi nyuma. Wahome akafurahi, kwa sababu hata yule wa televisheni alirudi nyuma kidogo. Akaja. Nanyama akagusa ukuta kwa mgongo, akainua mikono ya unga amzuie, na mkwe wake akamkumbatia mbele ya ukoo mzima, akamwita mama yangu, na akamzungusha. Alipomwachilia, kifuani mwa ile suti nyeusi palikuwa na viganja viwili vyeupe vya mama mkwe, kila kidole mahali pake.

Hakuna aliyecheka. Wanawake walifunika macho. Tabby alitoka jikoni na mwiko, akaona suti ya mumewe, akaelewa yote kwa mara moja, na uso ukamkauka. Wahome alitabasamu bado, akingoja wimbo.

Eliakim aliinuka polepole, kama mtu aliyeitwa kwenye sahani. Nanyama alimjua. Huyo hakuwa na uchungu wowote na mila, alikuwa amenusa ng'ombe. Alikohoa akaukumbusha ukoo yale maneno ya hotelini, ambayo haikuwa lazima kukumbushwa. Akasema aibu kama hii haifutwi kwa pole. Njia ni mbili: ama kijana arudishiwe ng'ombe wake na msichana abaki nyumbani, kama mama alivyoapa, ama alete ng'ombe mwingine mnono wa kufuta aibu, na yeye Eliakim, kwa shida yake, atampokea. Alipofika kwenye neno mnono alimeza mate. Wale wa kununa walitikisa vichwa kukubali.

Nanyama alimtazama Tabby. Mwiko ulikuwa ukidondosha mchuzi juu ya viatu vyake vipya na hakuwa akiona. Alimtazama Wahome, mpumbavu wa watu, ambaye sasa alikuwa amejitazama kifua. Aliona haya kwa ajili ya mwili wake ulioshikwa, na aliona hasira, na hasira kubwa kuliko yote ilikuwa juu ya ulimi wake mwenyewe uliompa mtu kama Eliakim kamba ya kumfungia binti yake. Kisha akamwona Khairunisa, amesimama kando na sahani ya maandazi, anamtazama tu, na akakumbuka lori la mchinjaji.

Alijifunga leso kiunoni.

"Nilisema ng'ombe zirudi," alisema. "Mimi sirambi mate yangu. Shemeji, leta hizo ng'ombe."

Eliakim alisema si lazima kufika huko, kuna hiyo njia ya pili.

"Nimechagua ya kwanza. Ziko Chwele si ndio? Pikapu iko hapa. Enda uzilete."

Eliakim alisema leo ni Krismasi. Mzee mmoja aliuliza rafiki huyo wa Chwele anaitwa nani. Eliakim akataja jina, Khairunisa akasema huyo alihamia Mombasa zamani. Eliakim akataja jina lingine. Macho ya ukoo yakaanza kutoka kwake, moja baada ya jingine, yakapita mlango wa nyuma wa hoteli, yakaenda kutua juu ya ile televisheni iliyokuwa ikiangaza peke yake ndani.

"Ama nifunge hiyo televisheni kamba," Nanyama aliuliza, "mkwe aikokote mpaka Kitale?"

Hapo ndipo watu walipocheka, na Eliakim akaketi. Hakuketi karibu na nyama.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Wazee waliona haya kumtoza mkwe ambaye ng'ombe wake walikwisha kuliwa, wakasema mwili ulioshikwa ufunikwe. Wahome akanunua leso kwa Khairunisa, Tabby akaipokea, akamfunika mama yake mabega. Mambo ya mila yakiisha kwa leso moja, ni karamu. Nanyama alirudi jikoni na mkwe akapelekwa sebuleni na vile viganja vya unga kifuani, akakaa wima. Baadaye sauti yake ikasikika ng'ambo ya ukuta, ikimwomba Tabby amwambie mama kwamba alidhani, kwa sababu aliona kwa televisheni.

Nanyama alikuwa amefungua lile boksi la Jazatele. Ndani mlikuwa na karatasi nyingi zilizokunjwa na, chini kabisa, pakiti ya biskuti, nusu yake zimevunjika. Alizitazama kwa dharau kubwa, akampa paka moja, na paka akainusa akaondoka.

"Mwambie nimesikia," alisema. "Na mwambie Eliakim achukue televisheni yake leo leo. Chai pia, ile ya mwaka mzima, alipe."

Eliakim aliibeba kichwani jioni hiyo, akipita katikati ya soko, waya ukiburuta nyuma, kuipeleka kwenye nyumba isiyo na stima.