Shamba la Serikali

Mpaka nafika darasa la tano nilidhani kila familia ina shamba la serikali. Letu lilikuwa pale kijijini kwetu Mollo, kando ya barabara: matuta marefu yaliyonyooka, ambayo mama aliyapalilia kila mwaka na hayakutulisha hata siku moja. Shamba la kula lilikuwa nyuma ya mikaratusi. Huko tulilima ntumba kama Wafipa wote: mvua zikikaribia kwisha unafukia nyasi kwenye vilima vya mviringo, unapanda maharage juu yake, na msimu unaofuata unavitawanya upate shamba la ulezi.

Chanzo ni babu. Wakoloni walikataza ntumba, wakataka matuta yaliyonyooka. Babu alikaidi, akafungwa. Aliporudi akalima matuta ya kuonyesha mbele na ntumba za kula nyuma. Uhuru ukaja, wakaguzi wakabadilika, matuta yakabaki. Kila aliyepita aliyatazama, akaridhika, akaenda zake.

Mwaka juzi nilitoka mjini, ninakofundisha somo la uraia, nikaja kumsaidia mama kupanda maharage. Bwana shamba mpya akatukuta barabarani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, haya matuta yanachosha udongo. Agizo sasa ni ntumba. Narudi Jumatatu. Asiyekuwa nazo, shamba lake litapewa mtu mwingine."

Nusura nicheke. Nyuma ya mikaratusi tulikuwa na ntumba za kutosha kata nzima. Nilifungua mdomo nimwambie, mama akanikanyaga mguu.

"Ile amri iliyomfunga babu yako ilifutwa lini?" aliniuliza bwana shamba alipoondoka na pikipiki yake. "Si wewe unayefundisha mambo ya sheria?"

Sikujua. Nilipiga simu ofisi ya wilaya, karani akanijibu kwamba hana kumbukumbu ya amri hiyo, kwa hiyo hawezi kusema kama imefutwa.

"Basi ipo," mama akasema.

Siku nne tulibomoa matuta ya serikali na kujenga ntumba za serikali, huku mbegu zetu zikikaa kwenye kikapu na mvua ikizidi kuchoka. Nilikasirika.

"Mama, tunalima ntumba za uongo ili tufiche za kweli."

"Kwani matuta yalikuwa ya kweli?"

Jumatatu bwana shamba alifurahi mno. Akauliza nani kamfundisha mama upesi hivyo.

"Serikali, mwanangu."

Aliandika hilo kwenye daftari lake. Kesho yake akakusanya kijiji kizima ili mama awafundishe. Wanawake waliolima ntumba tangu walipoweza kushika jembe walikaa kwenye nyasi, wakasikiliza, wengine wakauliza maswali. Hakuna aliyecheka. Nyuma ya kila nyumba kulikuwa na mikaratusi.

Maharage yetu tuliyapanda kwa kuchelewa, na mwaka ule tulivuna kidogo sana.

Kabla sijarudi mjini niliona tuta moja limebaki pembeni, limenyooka vilevile. Nikainua jembe nilibomoe nalo.

"Hilo liache," mama akasema.

"La nini tena?"

"Wakigeuka tena wakataka matuta, babu yako hayupo wa kwenda kufungwa. Upo wewe."

Niligeuza jembe, nikalipalilia.