Sato wa Mafuta ya Pamba

Kila msimu malori huondoka Bunda na pamba yetu, kisha malori mengine huturudishia madebe ya mafuta ya kula yaliyokamuliwa kutoka mbegu zilezile. Tunalima, halafu tunanunua jasho letu dukani! Nikisikia mtu akisema mkulima hana akili ya biashara, damu hunichemka, na humkumbuka Mhoja wa kijiji chetu cha Guta. Kisa hiki nilisimuliwa na yeye mwenyewe pamoja na mkewe, Mbuke, ambaye humkatiza mumewe kila anapokosea.

Ilikuwa mwaka 1964. Mhoja alikuwa ameacha kazi ya kupakia marobota kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Nyuma ya nyumba yake alijitengenezea kikamulio cha magogo na jeki kuukuu ya lori. Alikamua mbegu za pamba fifi, ile chafu ambayo haina bei. Mafuta yalitoka meusi kama lami. Mbuke akayachemsha na magadi, uchafu ukazama, yakabaki ya manjano.

Lakini jeki ile ilitoa chupa moja tu kwa siku nzima. Mhoja alitaka mashine ya kweli kutoka Mwanza, imilikiwe kwa hisa na wakulima wenyewe. Ilibidi apate watu wa kuuza ng'ombe ili wanunue hisa hizo. Wenye ng'ombe wa kutosha walikuwa wawili, Mzee Mwikwabe na Mzee Masatu, na wakikataa hao, kijiji kizima kingekataa nyuma yao. Akawaalika nyumbani Jumapili, baada ya ibada.

Tangu asubuhi Mhoja alikuwa na hofu, na si ya hotuba aliyoiandaa. Wiki chache nyuma, kuku wa Mbuke walidonoa mbegu zilizomwagika chini ya kikamulio, wakafa mmoja baada ya mwingine. Mhoja aliwafukia nyuma ya zizi na kumsihi mkewe asimwambie mtu. Tangu hapo aliyaonja mafuta yake kwa ncha ya kidole, kisha akakaa akilisikiliza tumbo.

Wazee walifika, wakapewa vigoda.

"Wazee wangu," Mhoja alianza, na maneno yote aliyoyafanyia mazoezi shambani yakayeyuka. "Mafuta tunayo wenyewe. Yaani, yamo ndani ya mbegu."

"Hata maziwa yamo ndani ya ng'ombe," akasema Mwikwabe. "Mbona mimi sikukuita uje uyatazame? Endelea."

"Kila mzee auze madume mawili, tununue mashine. Kila anayetoa ana sehemu yake. Faida tunagawana."

"Na hasara?"

"Hasara pia, mzee."

"Huyu kijana hajui kubembeleza," Masatu akamwambia mwenzake. "Angesema hakuna hasara, ningekuwa nimeshaondoka."

Hapo Mbuke akaleta samaki, sato waliokaangwa kwa mafuta yale, akaketi na mtoto wake. Harufu ilikuwa nzuri. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Pamba tunaipuliziaga dawa ya wadudu," akasema Masatu. "Ile dawa inaenda wapi? Inapaa mbinguni?"

"Haiingii kwenye mbegu, mzee."

"Nani alikwambia?"

Hakuna aliyemwambia. Mhoja akanyoosha mkono kwenye sahani. Kwa hilo alikuwa amejiandaa. Kama ni kufa, atakufa mwenyewe. Mwikwabe akaugonga mkono ule kwa fimbo, taratibu.

"Toa. Wewe ndiye uliyepika?"

Kwetu aliyepika ndiye anayeonja kwanza, mbele ya wageni. Kila mtoto wa Guta analijua jambo hilo. Mhoja, kwa hofu yake, alikuwa ameliandaa tumbo lake tu na kusahau kabisa la mkewe. Na Mbuke alikuwa ananyonyesha.

Mbuke akamhamishia Kija, binti yao mchanga, kwenye paja la pili. Akamega samaki. Mhoja akawaona wale kuku, shingo zimelegea, macho meupe. Akiongea, mashine imekwisha. Akinyamaza, je? Mkono wa Mbuke ulikuwa unapanda. Akaudaka.

"Usile! Wazee, kuku walikufa. Walikula mbegu, wakafa."

Masatu alikwisha simama, anatafuta kofia yake. "Kumbe ulituita tufe!"

"Nilitaka nile mimi kwanza..."

"Ufe wewe, tuhojiwe sisi!"

Mbuke hakusimama. "Kaeni, wazee wangu. Kuku walikula mbegu mbichi. Haya mafuta yamechemshwa na magadi, na mimi nayapikia tangu tulipowafukia kuku."

"Unayapikia nini?" Mhoja akauliza, kana kwamba wageni hawapo.

"Mboga zangu. Nakulaga kabla hujarudi shambani. Nilijua wageni wakija nitaambiwa nionje. Ulitaka nianzie hapa, mbele ya watu?"

"Na mtoto ananyonya!"

"Siku za mwanzo alinyonya kwa jirani, kwa Dorkas. Nilisema kama ni kufa, nife peke yangu."

Akautoa mkono wake mikononi mwa mumewe, akala yule samaki mpaka mkia. Mhoja akajikuta ameketi chini. Aliniambia hajawahi kuogopa vile, kuogopa jambo lililokwisha kupita nyumbani mwake bila yeye kujua. Tunapoandika juu ya wajenzi wa uchumi wetu, tunawaandika wenye ofisi. Na huyu mama ataandikwa na nani?

Wazee hawakula. Mwikwabe alisema, "Tutarudi mwezi mwingine ukiandama. Tukimkuta mama Kija mzima na mtoto mzima, tutaongea habari za madume. Wewe Mhoja hata ukiumwa, haituhusu."

Mwezi ule Mhoja hakulima kitu. Mtoto akikohoa, alitupa jembe na kukimbilia nyumbani. Alimwomba Mbuke aache kuyala mafuta yale. Mbuke aliendelea kukaanga. Kija alipopata homa, Mhoja alimkimbiza zahanati Bunda kwa miguu. Mganga alisema ni malaria, akampa dawa. Mhoja hakuamini. Alikusanya majani makavu chini ya kikamulio, tayari kukichoma, na Mbuke akayaondoa kimyakimya akayawashia moto wa uji.

Homa ilishuka. Wazee walirudi, wakakataa vigoda. Mwikwabe alimchukua Kija, akamnyanyua juu. Mtoto akamshika ndevu, akavuta.

"Ana nguvu huyu," akasema mzee, machozi yakimlenga. "Haya, mlisema madume mangapi?"

Mhoja alisogea, akakinga mikono chini ya mtoto.

"Mawili kwa kila mzee," akajibu Mbuke. "Na mimi nipate hisa yangu, kwa jina langu."

Mwikwabe akamgeukia mume kungoja neno lake. Mhoja akaitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa juu, kwa mtoto, asije akaanguka.