Tulivyotembezwa Mji Wetu Wenyewe

Kaka yangu alirudi Goma baada ya miaka mingi ya Ubelgiji, na jambo la kwanza alilofanya ni kukodi mtu wa kumtembeza Goma. Mtu aliyezaliwa mtaa wa Mapendo, aliyesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao, iliyojaa viazi utotoni mpaka mabega yakachubuka, alikuwa amelipia kwa simu "ziara binafsi katika eneo la joto lenye historia". Joto lipi? Goma watu hulala na blanketi mbili, na mama yetu havui sweta hata saa sita mchana.

Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja ili mwenyeji ahame. Alitaka kumchukua mama akaishi naye huko, na wiki nzima alikuwa akimbembeleza. Mama alikuwa akimcheka tu. "Kule nitaongea na nani? Na frigo ya jikoni?" Mimi ndiye niliyekaa na mama tangu baba alipofariki, na nilijua hatoki. Nilipanda gari la ziara kwa furaha ya mtu anayekwenda kutazama pesa za mwenzake zikitupwa ziwani.

Mwongozaji alikuwa mwanamume wa makamo, kofia pana, koti lenye mifuko mingi ambayo ndani yake sikuona kikiingia kitu ila simu. Kifaransa chake kilikuwa kimepigwa pasi. Alitupeleka Kituku, ufukweni mwa ziwa, akasimama kati ya wanawake waliokuwa wakijaza maji kwenye bidoni na wengine wakiuza sambaza, vile visamaki vidogo, akaanza kueleza gesi iliyolala chini ya ziwa na jinsi itakavyotuua sote siku ikiamka. Mama mmoja wa samaki alimsalimia kaka kwa mkono wenye magamba. Kaka akampa mkono, kisha akatafuta kichupa chake cha dawa ya kusafishia mikono. Baadaye akapigwa picha juu ya chukudu, ameshika usukani kama hajawahi kuiona. Nilitazama pembeni kwa aibu.

Mugunga, kwenye kambi, mwongozaji alisema picha zipigwe ndani ya gari, kwa heshima ya wakimbizi. Heshima! Kioo kimepandishwa, mlango umefungwa. Sisi tuliwahi kulala pale tulipowakimbia waasi, kwenye yale mawe, na mvua ikinyesha. Kaka hakulala, yeye alikuwa ameshaondoka kwenda Ubelgiji.

Kituo cha mwisho kilikuwa Mapendo, mbele ya nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkano. Nyumba yetu. Kumbe kaka alikuwa amempa yule bwana historia ya ukoo wetu wote kwa simu kabla hajafika, na ndiyo maana ya hiyo "binafsi". Kuta zetu zilikuwa zimegeuzwa kivutio, na mwongozaji alizionyesha kwa kidole.

Mama alitoka na sinia la chai, kwa sababu mtu akisimama mlangoni kwake lazima anywe kitu, hata awe mpumbavu. Akasikiliza kidogo. Hajui Kifaransa zaidi ya kile cha sokoni.

"Ule papa anasema nini?" akaniuliza, akimwonyesha mwongozaji kwa kidevu.

"Anasema mambo ya nyumba yetu, mama."

"Aseme mu Kiswahili basi, na miye nisikie."

Nilifurahi kweli. Mama ana ulimi wa kumenya mtu kama kiazi, na nilimhurumia mwongozaji kwa nusu dakika tu.

Lakini inabidi nieleze jinsi tunavyoishi. Kwetu mkirudi kutoka kukimbia, mwanamke mkubwa wa nyumba hufagia, huwasha makaa, hupika, na mkishakula yaliyotokea njiani hayatajwi tena. Hakuna aliyetufundisha, ndivyo ilivyo. Mama alikimbia vita, akarudi, akakimbia vita tena, kisha volkano, kisha waasi, kisha volkano tena, na sijawahi kumsikia akiyapanga pamoja hivyo, kama nilivyofanya mimi sasa hivi.

Mwongozaji alivua kofia yake. Bila Kifaransa alibaki mtu wa kawaida, mwenye sauti ndogo.

"Mama, chini ya haya majiwe iko nyumba ingine," akasema. "Bwana yako njo aliijenga. Vita ya kwanza ilikuya, mukakimbia, mukarudia. Vita ya pili, mukakimbia tena, na mutoto wa mwisho akafia mu njia ya kwenda Sake. Kisha volkano ikaizika nyumba. Mukajenga juu. Waasi bakarudi, mukalala Mugunga. Bwana yako akafariki. Volkano ikatoka tena, mukakimbia usiku..."

Aliendelea hivyo, kwa mpangilio, hakukosea hata jambo moja. Kaka alikuwa amemsimulia vizuri mno. Nilingoja mama amkatize. Nilingoja amuulize nani amemwambia ataje mtoto wake mbele ya glasi za chai. Mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti, sinia bado mapajani, akimtazama mdomoni.

Alipomaliza, mama alisema polepole, "Kumbe hawa watu njo siye?"

Akaliweka sinia chini.

"Ni mengi," akasema. "Miye sikujua kama ni mengi hivi." Kisha akamgeukia kaka. "Mwana yangu, nimechoka. Tutaenda siku gani?"

Kaka alianza kulia, yeye aliyetaka jambo hili kwa nguvu zake zote. Mama akaniwekea mkono gotini, akanitazama kwa upole mwingi.

"Weye utabakia na nyumba," akaniambia.

Alisema hivyo kama mtu anayetoa zawadi, na nadhani alikuwa anatoa. Nikaitikia, ndiyo, mama. Nilimchukia yule mwongozaji, nikamchukia kaka yangu, nikaichukia na nyumba yenyewe mbao kwa mbao, kwa sababu kumchukia mama sikuweza.