Namba Tano Hakuwa Yule Yule

Mume wangu tunamwita Fundi, ingawa nyundo hajui kuishika. Anatengeneza programu za kompyuta. Iliyomponza ni ile ya kupeleka majibu ya maabara wodini, katika hospitali kubwa. Ndani yake, alinieleza, kuna vibarua wanane wanaochapa kazi kwa mpigo, kila mmoja kwenye kipande chake cha ubongo wa kompyuta. Kila siku mmoja wao aliganda na jibu la mgonjwa mkononi. Bosi akampa mpaka Ijumaa saa sita mchana: amtaje anayeganda, la sivyo kazi basi.

Kwenye skrini vibarua walijulikana kwa namba tu, na siku tatu Fundi alimkodolea macho namba tano. "Mwizi ni huyu," akasema. Kula hali, kuoga mpaka nimsukume.

Alhamisi asubuhi nilikaa ubavuni mwake nikinyonyesha. Mimi niliishia darasa la saba, ila saa naisoma, na kila kibarua alikuwa na muda wake wa kazi ubavuni mwa namba yake.

"Fundi, huyu tano si alikuwa na saa mbili kazini? Mbona sasa ana dakika nne?"

"Umeona vibaya, mama."

"Haya, mimi kipofu. Tazama wewe mwenye macho."

Akatazama. Akashika kichwa. Kumbe kibarua akiganda sana huondolewa, na mgeni huingia kwa namba ile ile, pengine kwa kazi nyingine kabisa. Siku tatu alikuwa akiwachunga watu tofauti akidhani ni mmoja.

Siku hiyo hiyo akampa kila kibarua jina la kazi yake: Mpokea Damu, Mpeleka Wodi ya Watoto, hivyo hivyo mpaka wanane.

Ijumaa tangu asubuhi tulikaa tukiwatazama. Wote wanakwenda, safi kabisa.

"Ganda basi, mshenzi we," Fundi akanong'ona.

Nami nikajikuta naomba agande. Halafu nikakumbuka anaganda na jibu la mtoto wa mtu. Nikamkumbatia wangu, nimeona aibu.

Saa sita simu ikalia. "Umempata?"

"Bosi, sasa naweza kumtambua. Akiganda tu..."

"Umempata, hujampata?"

Fundi akanitazama. "Sijampata."

"Basi rudisha kompyuta yetu."

Kabla ya kuifunga, alichukua karatasi akaanza kunakili yale majina.

"Ya nini tena?"

"Atakayekuja asihangaike na namba."

Alipomaliza la tano akanisukumia kalamu. Majina matatu ya mwisho nikamwandikia mimi.