Mfereji Uliopinda wa Lempi Vartiamäki

Lempi Vartiamäki alifundishwa kushika tupa ya kuchongea chuma akiwa na miaka kumi na saba, katika kiwanda cha bunduki kilichokuwa kando ya mto, mwendo wa saa moja kwa basi kutoka kijijini kwao. Alikuwa na shoto. Msimamizi wake wa kwanza alijaribu kumhamishia kazi mkono wa kulia, akashindwa, akamfungia jiliwa, kibanio cha kushikia chuma, kwenye kona ya mwisho ya meza, kando ya ukuta, ili kiwiko chake kisimgonge mtu. Kwenye kona hiyo alikaa miaka thelathini na nne.

Zilikuwa zama ambazo jeshi la Finland lilikuwa limeichukua bunduki ya jirani wa mashariki, jirani yule yule aliyewaulia baba zao, na kuirekebisha mpaka ikawa yao. Kitako cha mbao kiliondolewa, pakawekwa bomba la chuma lisilopasuka kwa baridi. Kilengeo cha nyuma kilisogezwa karibu na jicho. Nafasi ya kidole ilipanuliwa ili askari aliyevaa glavu nene aweze kufyatua. Baadaye kiwanda cha akina Lempi kikatoa bunduki ya kiraia ya ukoo huo huo, kwa wawindaji na askari wa akiba: inajipakia yenyewe, lakini kila risasi inataka kidole kivutwe upya.

Hiyo ya kiraia ilikuwa na ugonjwa mmoja. Theluji ikiingia ndani iliyeyuka kwa joto la risasi za kwanza, kisha ikaganda tena, na kile kipande cha chuma kinachokwenda nyuma na mbele kila risasi inapotoka kikakwama. Wahandisi walibadilisha mafuta. Wakabadilisha springi. Majira ya baridi ya mwaka 1978 Lempi aliokota kipande kimoja kilichokataliwa na wakaguzi, akakichonga mfereji ubavuni kwa tupa, ili barafu na masizi yapate pa kutokea. Bunduki yenye kipande hicho ilizikwa kwenye theluji siku mbili, kisha ikapigwa risasi mia mbili. Haikukwama hata mara moja.

Alikipeleka kwa Ensio Turkulainen, mhandisi wa ofisi ya michoro.

"Niachie nikitazame," alisema Turkulainen.

Miezi mitano baadaye tangazo lilibandikwa kwamba mfereji ule utatunukiwa nishani. Lempi alimwita mama yake aje, na mama akaja na gauni lake la kanisani. Nishani akavishwa Turkulainen. Mkurugenzi aliutaja "mfereji wa Turkulainen" mara tatu, na jina la Lempi halikutajwa hata mara moja. Ndani ya basi la kurudi mama aliuliza, "Kwani ulikosea nini?"

Swali hilo ndilo Lempi alilolala nalo na kuamka nalo. Alipokwenda kulalamika, mkurugenzi alimuuliza kama ana mchoro. Hakuwa nao. Fundi wa tupa hachori, anachonga. Mama alifariki bila kupata jibu.

Miaka ishirini ikapita. Kiwanda kilifungwa. Lempi alirudi kijijini, kwenye msitu aliorithi kwa baba, akawa anawatengenezea watu bunduki kwenye banda lake. Ndipo Turkulainen, mstaafu mwenye mvi nzuri, akanunua nyumba kando ya ziwa la kijiji hicho hicho na kujiunga na chama cha wawindaji. Walipokutana dukani alimshika bega.

"Lempi! Si wewe ulikuwa kule kwenye meza ya akina mama?"

"Ndiyo mimi," alisema Lempi, akachukua maziwa yake. Tangu siku hiyo alianza kazi nyingine bandani mwake, asimwambie mtu.

Kila mwaka, msimu wa kuwinda hirvi, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, unapokwisha, wawindaji huwalisha wenye misitu supu ya nyama ya hirvi kwenye ukumbi wa kijiji, na mwaka ambao ruhusa za kuwinda katika misitu hiyo zimekwisha muda wake, hapo ndipo zinapotiwa saini. Msitu wa Lempi ulikuwa katikati. Sheria inataka eneo lisilokatika. Bila msitu wake chama kisingepata kibali cha hirvi hata mmoja. Kwa hiyo mchana wa supu, miaka michache baada ya Turkulainen kuhamia, walimkalisha mbele kabisa, karatasi kando ya sahani yake, kalamu juu ya karatasi.

Mkuu wa wawindaji, Urpo Kinnarinen, alimkaribisha Turkulainen aeleze historia ya bunduki yao. Turkulainen aliifungua yake mezani, na magazini yake ya risasi tatu kama sheria ya uwindaji inavyotaka, akaeleza vizuri kwelikweli. Alipofika kwenye mfereji, alikipitisha kipande kile ili watu wakiguse.

"Injinia," aliita Lempi, "nina swali la mtu asiyesoma."

"Uliza tu, mama."

"Mbona mfereji wenyewe umepinda?"

"Ahaa! Hapo ndipo penye akili. Umeinama digrii saba. Nilipiga hesabu majuma matatu."

"Majuma matatu! Na ungenyooka?"

"Barafu isingetoka. Bunduki ingekwama risasi ya pili."

"Una hakika?"

"Mama, nilivishwa nishani kwa hizo digrii saba."

Lempi akageuka. "Urpo, bunduki yako niliyokubadilishia kipande mwaka juzi imewahi kukwama?"

"Haijawahi. Hata ile siku ya digrii thelathini chini ya sifuri."

"Ilete hapa. Fungua."

Urpo aliifungua, akakitoa kipande, akakinyanyua dirishani. Mfereji wake ulikuwa umenyooka kama rula.

"Umepinda kwa sababu nina shoto," alisema Lempi. Alisimama, akanyoosha mkono wa kushoto kana kwamba ameshika tupa. "Jiliwa langu lilikuwa kando ya ukuta. Kiwiko kiligonga ukuta, tupa ikaenda upande. Watu wa michoro wakanakili kosa langu lilivyo, na mashine ikainamishwa kwa kila bunduki iliyotoka. Huyu bwana amekipigia hesabu kiwiko changu majuma matatu!"

Mzee mmoja nyuma alicheka kwa pua. Kisha ukumbi mzima.

"Lempi, jamani," Turkulainen alinong'ona, "wajukuu zangu wako hapa."

"Na mama yangu alikuwa kule. Sema."

"Tulikuwa wengi tuliofanya..."

"Sisaini."

Urpo alimtazama mhandisi. "Bwana, sema tuwinde."

Turkulainen alikaa, akasimama tena. "Ni wake," alisema. "Aliniletea kimeshachongwa."

"Sema jina."

"Wa Lempi Vartiamäki."

Hakuna aliyepiga makofi. Lempi alichukua kalamu, lakini kabla ya saini aliandika mstari mmoja, taratibu, kwa mkono wake wa kushoto, ndipo akasaini. Urpo aliusoma kwa sauti, kwa kuwa alidhani ni tarehe: ruhusa ni ya wanachama wote isipokuwa Ensio Turkulainen, ambaye hataingia msituni mwangu na bunduki maisha yake yote.

"Lakini nimeshasema!" alilia Turkulainen.

"Umesema ulipobanwa. Kuniomba radhi hujaniomba, hata leo."

Wapo waliosema baadaye kwamba alipitiliza, kwamba mtu wa miaka sitini na miwili alipaswa kusamehe. Wanasahau kwamba msamaha huombwa. Aliyeiba kazi ya mtu na kuitembeza kifuani miaka ishirini, akikiri kwa kushikwa, amerudisha alichoiba tu. Bado hajalipia wizi. Lempi hakumpiga wala hakumtukana. Alimnyima kitu kilichokuwa chake kumnyima.

Turkulainen alimgeukia Urpo. "Utaukubali upuuzi huu?"

Urpo aliitazama karatasi, akawatazama wawindaji wake thelathini waliokuwa wameacha kula. Akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

"Supu itapoa," alisema.

Turkulainen alianza kuikusanya bunduki yake. Kile kipande hakikuingia mahali pake, na hakuna aliyeinuka kumsaidia. Lempi alivuta sahani, akakata mkate mweusi, akala.