Mutoto wa Kuazimwa

Mpaka leo sijui kwa nini teatri ya kuimba inahitaji mutoto muzima. Si wangefunga hata boga ndani ya kitenge? Lakini rafiki yangu mshonaji, aliyeshona nguo za wachezaji, alinisumbua wiki nzima: "Dada, mutoto wako njo analala vizuri kuliko wote hapa Burungu. Atalala, watu wataimba, basi." Nikakubali. Mwanangu alikuwa na miezi mitatu.

Hadithi yenyewe ilikuwa hii: vita inafika, mama anakimbia, mutoto anabaki ndani ya shamba la maharagi. Mwishoni mama anarudi, anasikia kilio, anamuokota akiimba. Hadithi nzuri. Hapa kwetu nani hana ya namna hiyo.

Tulikaa mbele kabisa ya sale, ukumbi wa parokia: mimi, mshonaji, na rafiki yetu mwingine anayeuza fromaji, jibini ya kwetu. Walichelewa kuanza kwa sababu ya mafuta ya jenereta, na saa ya mutoto ya kunyonya ikapita akiwa nyuma ya pazia, mikononi mwa watu. Halafu mvua ikapiga mabati, yakaanza kuvuja, na sisi tukawa tunaona vinywa tu. Askari wa hadithi walivaa bote za mpira za kukamulia ng'ombe. Bibi mwema wa hadithi aliimba akisoma maneno ndani ya telefone.

"Hata maziko iko na furaha kuliko hii," muuza fromaji akasema.

Mwishowe wakaleta mwanangu ndani ya kitunga. Nilikuwa nimemfunika kitambaa kikavu. Walikiondoa, wakamwekea majani ya maharagi yaliyotoka kuchumwa mvuani, yanachuruzika maji. Akaanza kulia. Watu wakafurahi: analia kweli, huyu.

Kwaya ikafika pale mama anapaswa kuingia. Hakuingia. Wakarudia. Hakuingia.

Mshonaji akainamisha kichwa. "Anabadilisha kitenge. Alisema kile cha kwanza hakimpendezi."

"Mutoto wangu analowa. Na njaa inamuuma."

"Ngoja kidogo, dada. Utaharibu teatri."

"Iko nini ya kuharibu?"

Kwaya ikarudia tena. Nikapanda jukwaani. Nikatupa yale majani, nikaketi chini palepale, nikampa mutoto titi mbele ya parokia nzima. Sikuimba kitu. Wamama wakapiga vigelegele, na mama mmoja mzee akaanza kupangusa machozi kwa ncha ya kitenge chake. Walidhani ni teatri. Ndipo mama wa hadithi akatokea na kitenge kipya, mikono wazi, kinywa wazi.

"Rudi tu, dada," mtu akamwambia kutoka nyuma. "Mama mwenyewe ameshafika."

Rafiki zangu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi sikucheka.

Tulipotoka, mukubwa wa teatri akanifuata mpaka mlangoni, mwenye furaha kama aliyepanga yote. "Mama, ile yako njo ilitugusa. Jumapili, siku ya Mungu, tunacheza kule Kitchanga. Utatufanyia vilevile?"

"Kwanza unirudishie kitambaa cha mutoto."

Akaenda kukitafuta. Nilikiona kabla yake. Walikuwa wamekifunga juu ya mikro ya kuimbia, isilowe.